Shairi la Babu Lina Anwani: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ujana wa Mzazi na Watunzi Waliosahaulika katika Ukoo

Mama yangu alikuwa na beti moja aliyoisoma kila alipopepeta mchele. Ungo ukipanda, sauti inapanda. Makapi yakiruka, kina kinaanguka. Sisi watoto tulidhani ni maneno ya kale yasiyo na mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipomuuliza, "Mama, hii ni ya nani?" Akajibu macho yakiwa kwenye ungo: "Ya mjomba wangu. Alikuwa akipeleka magazetini." Muda wote huo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Toka siku ile nimekuwa nikifuatilia, na kilichonisaidia kuliko vyote ni kutambua kwamba ujana wa mzazi na utunzi wa mababu hutafutwa kwa safari moja. Wazee wetu wengi hawakuacha shajara. Waliacha mashairi, barua na tenzi, na humo ndani wakatia majina yao, miji yao, kazi zao na ugomvi wao. Shairi ni hati, sawa na hati ya kiwanja. Hapa chini naeleza namna ya kulitafuta na namna ya kulisoma, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi mapema.

Hatua ya kwanza: kaa na mzazi kabla ya kwenda popote

Kama mzazi yupo hai, acha nyaraka. Nyaraka zitangoja, mzazi hangoji. Nenda asubuhi akiwa na nguvu, mwamkie, mpe habari za nyumbani kwanza, na usitoe kalamu mpaka mazungumzo yapate moto. Rekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa waziwazi na umwambie utakachofanya na sauti yake.

Usimuulize, "Ulizaliwa mwaka gani?" Wengi watakutajia mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, na mwaka huo mara nyingi ulikisiwa na karani siku ya kuandikishwa. Uliza vitu alivyovishika. Nani alikuwa akimwamsha alfajiri? Chuoni, yaani madrasani, alisoma kwa mwalimu gani, na aliyekaa naye mkeka mmoja ni nani? Kanga ya kwanza kununuliwa ilikuwa na jina gani? Wakati wa jambo fulani alikuwa ameshavunja ungo au bado? Hili la mwisho mwanamume asimuulize mama yake. Amwachie dada au shangazi.

Kisha pachika majibu kwenye matukio yanayojulikana. Kimbunga kilichopiga Lindi ni cha 1952. Mgomo wa makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam ni 1947, wa Unguja ni 1948. Mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea ulianza 1947 na kufa 1951. Uhuru wa Tanganyika ni Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar ni Januari 1964, Azimio la Arusha ni Februari 1967. Mzazi akikwambia, "Kimbunga kilinikuta nabebwa mgongoni," umeshapata mwaka wa kuzaliwa ulio wa kweli zaidi kuliko wa kitambulisho.

Mwombe pia akusomee chochote anachokijua kwa moyo: beti, wimbo wa kubembeleza mtoto, kisa cha kutambia, utenzi aliousikia kwenye matanga. Rekodi hata kama kimekatika katikati. Vipande hivyo ndivyo utakavyolinganisha na maandishi baadaye.

Hatua ya pili: andika majina yote ya mtu mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tulia nami kidogo. Mzee mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina la baba, nisba, yaani jina la kutaja kabila au mji wake, lakabu ya ushairi, na jina ambalo mwajiri alimwandikia bila kumuuliza. Athumani, Athmani, Uthman na Othman ni mtu yuleyule katika madaftari manne. Aliyebatizwa akiwa na miaka 15 ana maisha mawili kwenye karatasi, na ukifuata jina la Kikristo peke yake utadhani alianguka kutoka mbinguni.

Chukua daftari, fungua ukurasa mmoja kwa kila mtu, na orodhesha kila namna jina lilivyoweza kuandikwa. Kwa enzi za Wajerumani fanya hivyo na miji pia: Ujiji utaikuta kama Udjidji, na Dar es Salaam kama Daressalam. Aliyekuja mkoa wa Tanga kukata mkonge aliitwa manamba, kwa sababu alipewa namba, na kuanzia 1944 ajira nyingi za namna hiyo zilipitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Mzee wa namna hii mara nyingi alijulikana kambini kwa jina la kwao: Mrundi, Mngoni, Mbena. Usilipuuze jina hilo. Ndilo linalokuonyesha njia ya kurudi alikotoka.

Hatua ya tatu: fungua kasha

Kila ukoo una kasha, sanduku la bati au mfuko wa rambo uliofungwa mara tatu juu ya kabati. Omba ulifungue ukiwa na mwenyewe, si nyuma ya mgongo wake. Piga picha kila kitu kwa mpangilio uleule uliokikuta kabla ya kukigusa sana, maana mpangilio nao unasema: barua iliyokunjwa ndani ya cheti cha ndoa ina sababu ya kuwa pale.

Geuza picha za zamani. Nyuma mara nyingi pana muhuri wa studio, na studio huwa na mji na miaka yake. Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1930, kwa hiyo picha yenye muhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Stakabadhi za kodi, vyeti vya shule, barua za kuhamishwa kazi, kadi za chama: vyote vina tarehe na mahali.

Ukikuta maandishi ya khati za Kiarabu, usikimbilie kusema ni dua au hirizi. Yanaweza kuwa Kiswahili. Pia usipake gundi, usibandike selotepu, usipeleke kwa mwenye mashine ya kupiga plastiki. Karatasi iliyopigwa plastiki haiponi tena. Iweke ndani ya bahasha safi isiyobana, mbali na jiko na mende, na mpe mtaalamu nakala ya picha. Ya asili ibaki nyumbani hadi ukoo ukubaliane vingine. Nimeona familia iliyoazima mswada kwa mgeni mwenye maneno mazuri, na leo wanaukumbuka kwa rangi ya jalada tu.

Hatua ya nne: jifunze kusoma khati, au mtafute anayejua

Khati za Kiarabu hazikutengenezwa kwa sauti zetu. Waandishi wa zamani walitumia herufi ya *be* kwa b, kwa p, na hata kwa mb, na mara nyingi m au n inayotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Irabu za e na i zilichangia alama moja, na o na u vivyo hivyo. Kwa hiyo *be* mbili zenye fataha, alama ya irabu a, zinaweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Anayeamua ni maana ya mstari, na katika ushairi kuna msaada mwingine: mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, na kina, yaani mlio unaofanana mwishoni. Kama mstari unatakiwa uishie -mba, basi ni pamba au bamba, si papa. Ndiyo maana nasema ujifunze kanuni za utunzi kabla ya kusoma mswada. Kitabu kidogo cha Kaluta Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kilichotoka 1954, kinatosha kwa kuanzia.

Wa kukusaidia wapo: walimu wazee wa madrasa, hasa Lamu, Mombasa, Pangani, Kilwa na Unguja. Nenda na picha iliyokuzwa, soma pamoja naye kwa sauti, na umrekodi. Kwenye mswada wa kaskazini mwa pwani utakutana na Kiamu, lahaja ya Lamu. Usikisahihishe kiwe Kiswahili cha shuleni, maana lahaja ni ushahidi wa alikotoka mtunzi.

Tarehe zitakuwa za Hijria, kalenda ya Kiislamu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo usijumlishe tu idadi moja kwa kila mwaka. Tumia jedwali la kubadilishia. Kwa kipimo cha haraka, mwaka 1350 ulianza Mei 1931. Tenzi nyingi hutaja mwishoni jina la mtunzi, idadi ya beti na tarehe. Soma mwisho kwanza.

Lakini jina lililo chini ya karatasi si lazima liwe la mtunzi. Lamu palikuwa na Muhamadi Kijuma, mwandishi hodari sana wa khati aliyefariki 1945, ambaye alinakili tenzi za wengine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Kama babu yako alikuwa mnakili, ni heshima kubwa na uiandike hivyo. Usimpe tu utunzi usio wake.

Hatua ya tano: mtafute magazetini

Sasa tumefika pale ambapo mjomba wa mama yangu alikuwa amekaa akingoja.

Kuanzia Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilichapisha gazeti la kila mwezi, *Mambo Leo*, na humo palikuwa na kurasa za mashairi ya wasomaji. Makarani, walimu, mapolisi na wapishi walituma, wakaweka majina na miji yao, na wakajibizana. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufanya kazi ya forodha miaka mingi, alikuwa miongoni mwao. Yeye tunamkumbuka. Wenzake waliochapishwa ukurasa uleule, wengi hatuwajui, na wengi wao ni babu wa mtu anayesoma hapa.

Kabla ya *Mambo Leo* yalikuwepo magazeti ya misheni, kama *Msimulizi* lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na la serikali ya Wajerumani, *Kiongozi*, lililochapwa katika shule ya Tanga kabla ya Vita vya Kwanza. Baadaye yakaja *Baraza* la Kenya mwaka 1939, kisha *Ngurumo* na *Uhuru* upande wa Tanzania. Mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio mahali pa kwanza pa kwenda kwa magazeti ya Tanganyika. Kwa miswada ya tenzi, maktaba hiyohiyo ina mkusanyo wa J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekusanya miswada ya Kiswahili, na chuo cha SOAS cha London kimeweka miswada mingi ya Kiswahili mtandaoni, ambayo unaweza kuisoma kwa simu ukiwa Korogwe. Tafuta kwa jina la mtunzi, kwa mstari wa kwanza, na kwa jina la mnakili.

Usifungue gazeti mwaka baada ya mwaka bila shabaha, utachoka wiki ya kwanza. Anza na miaka ambayo mzee alikuwa na miaka 20 hadi 35, na mji aliokuwa akifanyia kazi. Ukimpata mara moja, soma matoleo sita ya mbele na sita ya nyuma, kwa sababu washairi hawa walikuwa kwenye mazungumzo. Aliyeuliza fumbo atajibiwa, na aliyejibiwa atarudi.

Nikuonyeshe ninavyosoma. Beti hii nimeitunga mimi kwa mfano, kwa mtindo wa enzi hizo:

*Tamati natia nanga, mashua yafika kwangu,*
*Mtungaji mwana Tanga, Chumbageni mji wangu,*
*Kazi yangu ni kupanga barua za walimwengu,*
*Jibuni wana malenga, mfungue fumbo langu.*

Mstari wa pili umekupa mji na mtaa. Wa tatu umekupa kazi: anapanga barua, kwa hiyo huenda ni karani wa posta, na kama ni mtumishi wa serikali jina lake linaweza kuwa kwenye gazeti rasmi la serikali, pale ajira na uhamisho zilipotangazwa. Wa nne unakwambia usiishie hapo, majibu yanakuja. "Mashua yafika kwangu" ni mapambo ya kumalizia, usiende kumtafuta kwenye daftari la mabaharia. Kutofautisha mapambo na habari ndiyo kazi yenyewe, na utaizoea baada ya kusoma mashairi 50 ya wakati uleule.

Andika kila ulichokiona: jina la gazeti, mwezi, mwaka, ukurasa. Na yale uliyopekua bila kupata kitu yaandike pia, usije ukayarudia mwaka ujao.

Hatua ya sita: ofisi na nyaraka

Hapa sitakawia, maana taratibu zinabadilika na ni vyema upige simu kwanza kuuliza kibali, ada na siku za kufungua. Nyaraka za Taifa za Tanzania zipo Dar es Salaam, za Zanzibar zipo Kilimani, za Kenya zipo Moi Avenue, Nairobi. Kwa kawaida mafaili ya serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Dar es Salaam omba vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za koo, majumbe na mipaka. Vina makosa na dharau za mkoloni, lakini vina majina. Zanzibar omba hati za mauzo ya viwanja, mirathi na wakfu. Matoleo mengi ya Kenya Gazette yapo mtandaoni bure na unaweza kuandika jina ukatafuta.

Kwa Wakristo, rejista ya ubatizo ina thamani kubwa: jina la zamani, wazazi, wadhamini, kijiji, padri. Parokia mama ndiyo huwa na daftari la zamani, si kigango kilichojengwa juzi. Kwa Waislamu, uliza kwa kadhi habari za ndoa na talaka. Shule kongwe zina daftari la kuandikisha wanafunzi. Mwendee mwalimu mkuu kwa barua na kwa adabu.

Hatua ya saba: watafute wanawake kwa makusudi

Usipofanya hivi kwa makusudi, ukoo wako utaonekana una watunzi wanaume peke yao. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 hivi kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, wosia wa mama mgonjwa kwa mtoto wake. Umetufikia kwa kuwa ulitunzwa, ukanakiliwa, ukapita mkono kwa mkono. Wangapi walitunga wakasikika jikoni tu? Uliza nani alikuwa mshika wimbo wa lelemama, ngoma ya wanawake, mtaani, nani alitunga mipasho iliyomfanya jirani ahame, nani aliitwa kusoma utenzi kwenye msiba. Uliza wanawake wenyewe, peke yao, bila mwanamume kukaa pembeni akisahihisha.

Hata mwanamume mashuhuri alihitaji wa kumtunza. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa ambaye kila mtu anamtaja leo, alifariki karibu na 1840. Diwani yake, yaani mkusanyo wa mashairi yake, ilichapwa 1940. Katikati ya hapo yupo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyekusanya mashairi yale kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka na kuyaandika, yakamfikia W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Kazi unayoianza ni ile ya Mwalimu Sikujua. Naisema hivi kwa uzito wote.

Hatua ya nane: linganisha, kisha rudisha nyumbani

Chora mstari wa miaka kwenye karatasi kubwa. Juu andika ulichoambiwa, chini andika ulichokikuta kimeandikwa. Vikigongana, usiharakishe kumwona mzazi mwongo. Karani alikisia, mhariri alifupisha, na wakati mwingine mtu alificha ujana wake kwa sababu nzito: ndoa ya kwanza, mtoto aliyelelewa kwingine, kukimbia baada ya 1964. Kasha unalolitafuta linaweza kuwa Maskati kwa binamu ambaye hamjasalimiana miaka 40. Ukigundua jambo la aibu au la uchungu, mpelekee mwenyewe kwanza, faragha, na uache yeye aseme liishie wapi.

Nakala ziwe tatu, katika nyumba tatu. Mojawapo ikiweza kwenda maktaba ya chuo, mkubaliane kwa maandishi kwamba jina la mtunzi na la ukoo litabaki juu yake.

Mimi nilimpata babu, yule mjomba wa Mama, mwaka wa tatu wa kutafuta, kwenye gazeti moja la enzi ya Mwingereza, ukurasa umelika pembeni. Jina lake, mji wake, beti sita. Nililichapa kwa maandishi makubwa nikampelekea Mama. Miwani haikumsaidia, nikamsomea mimi. Beti ya tatu ndiyo ile ya kupepetea mchele. Nilipofika ya sita nikanyamaza, naye akanyamaza, akawa anahesabu kwa vidole kwenye mkeka.

"Endelea," akasema.

"Mama, zimeisha."

"Hazijaisha, mwanangu. Zilikuwa saba. Washa hicho chombo chako."

Nikawasha simu.